Waini nyekundu kwa nyama, nyeupe kwa samaki: ni lazima kweli?

Wengi tumekua tukisikia kwamba ukiingia mgahawa wa maana, waini nyekundu ni ya nyama na nyeupe ni ya samaki, ukichanganya umeonekana mshamba. Haikutoka hewani hiyo, nyekundu nzito ina tanini nyingi, ule ukakasi kama wa chai ya rangi iliyokolea, halafu madini ya chuma yaliyomo kwenye waini yakikutana na mafuta ya samaki unabaki na ladha kama umelamba sarafu.

Ila sio nyekundu zote ziko hivyo. Chukua Armenia, watu wa waini tangu enzi, kwenye pango moja karibu na kijiji cha Areni kulikutwa sehemu ya kukamulia zabibu ya miaka kama 6,000 iliyopita. Zabibu yao iitwayo Areni mara nyingi inatoa nyekundu nyepesi yenye uchachu, kwa hiyo kwenye meza ya kifahari kule Yerevan, mji mkuu wao, ikiletwa na ishkhan, samaki wa ziwa Sevan, usishangae, inaweza kukubali vizuri tu. Nyeupe ya zabibu yao nyingine, Voskehat, nayo ikikaa kwenye karas, mitungi mikubwa ya udongo, inaweza kuhimili hata dolma, nyama ya kusaga iliyofungwa kwenye majani ya mzabibu.

Kujua mwenyewe ni rahisi: piga funda, kula tonge, piga funda tena. Ikigeuka chungu au ya chuma, hiyo haifai hapo. Na angalia sosi, mi naona yenyewe ndo inaamua kuliko hata nyama.