Nywele Ndefu, Jua la Bukavu na Zile Ncha za Rangi ya Kutu

Teremka ukingoni mwa ziwa Kivu Jumamosi asubuhi, hapa Bukavu, utawakuta wasichana wamemaliza kufua, wamejiosha vichwa, na sasa wameketi juu ya mawe wakiwa wamefumua nywele zote ili jua lizikaushe. Baada ya saa moja au mbili nywele zimekauka, zinafungwa, na safari ya kupanda kilima kurudi nyumbani inaanza. Ni desturi yenye raha, na mimi mwenyewe nililelewa nayo. Lakini ukiniuliza, kama mtu anayefundisha mambo ya ngozi na nywele katika taasisi ya afya mjini humu, ni wakati gani nywele ndefu hupoteza weusi wake kuliko wakati mwingine wowote, nitakuonyesha mawe yale.

Mama mmoja anayeuza vikwembe, yaani vitenge, sokoni Kadutu alinijia akiwa na wasiwasi mkubwa. Nywele zake ni za asili, hajawahi kuzitia dawa ya kunyoosha, na akizivuta zinamfika katikati ya mgongo. Ila zile za juu, pamoja na ncha zote, zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Jirani alimwambia amepungukiwa damu. Mwingine akamwambia ni mafuta mabaya. Nilimwomba ainamishe kichwa, nikafunua nywele za kisogoni, zile za chini kabisa zinazofunikwa na nyingine. Zilikuwa nyeusi tii. Damu ni ile ile, mafuta ni yale yale. Tofauti ni kwamba za juu zinaliona jua kila siku na za chini hazilioni. Kipimo hicho unaweza kujifanyia nyumbani ukisaidiwa na dada au binti yako, na hakigharimu hata faranga moja.

Unywele ukishatokeza juu ya ngozi hauna uhai tena. Uhai wake uko kwenye mzizi, na huko ndiko unakotiwa melanini, chembe zinazoupa weusi. Rangi uliyotoka nayo ndiyo utakayobaki nayo hadi siku ya kukatwa, kwa kuwa hakuna damu inayoufikia kuongeza nyingine. Ngozi iliyoungua na jua hujitengeneza upya baada ya muda, lakini unywele hauna njia hiyo. Hapo ndipo urefu unapokuwa jambo la hesabu. Nywele za kujisokota kama zetu hukua chini kidogo ya sentimeta 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele ambao ukiunyoosha unafika sentimeta 40 imeshapita umri wa miaka 4. Ni kiangazi baada ya kiangazi, safari za soko, harusi za mchana na foleni za maji. Mwenye nywele fupi hulikata jua lake kila anapokwenda kwa kinyozi. Mwenye nywele ndefu analibeba lote.

Kwa nje, unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyopangwa kama mabati ya paa, moja limelalia jingine, yote yakielekea nchani. Ndani yake mna keratini, protini inayoupa nguvu, na humo ndimo chembe nyingi za melanini zilimotawanyika. Jua hutuletea miale ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, ya aina mbili. Miale B hushambulia zaidi keratini na yale magamba ya nje; miale A huingia ndani zaidi, na ndiyo mhusika mkubwa wa kubadilisha rangi. Melanini hufanya kazi ya mwavuli: huinyonya miale ili isivunje protini, na katika kukinga huko huvunjika yenyewe. Basi unapoona rangi ya kutu ujue mwavuli umeshachanika, na protini iliyokuwa chini yake inapigwa moja kwa moja. Ndiyo maana ncha zilizopauka ndizo zinazokatika kwenye kichanuo, ndizo zinazonasa kwenye kola, ndizo zinazokataa kutulia ndani ya msuko. Watu hunijia wakilalamikia rangi. Mimi nahofia zaidi kukatika.

Nitaje jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Kioo cha dirisha huzuia karibu miale B yote, lakini huachilia sehemu kubwa ya miale A. Anayeshinda dukani nyuma ya kioo, au anayekaa dirishani katika safari ndefu ya basi, anaweza kupaukwa na nywele za upande mmoja pasipo kuhisi joto.

Na joto ndilo linalotudanganya sisi watu wa Bukavu. Wa Uvira, kule chini kwenye ziwa Tanganyika, hulikimbia jua kwa sababu linawachoma. Sisi tunapulizwa na upepo wa ziwa, hewa ni baridi kiasi, asubuhi tunaliota jua kwa furaha. Lakini joto na urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 hewa inayochuja miale inapungua, nayo miale inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Mawingu mepesi nayo si ya kuaminiwa, kwa maana hadi asilimia 80 ya miale inaweza kuyapenya. Tena tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, hivyo katikati ya mwezi wa 3 na mwishoni mwa mwezi wa 9 jua linapita utosini kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga kipimo cha urujuanimno kinapofika 3. Hapa kwetu, adhuhuri ya siku yenye anga wazi, kipimo hicho hupita 10.

Hauhitaji mashine ya kupimia. Tazama kivuli chako chini. Kikiwa kifupi kuliko wewe, funika kichwa. Kwa saa zetu hiyo ni kuanzia karibu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kilele ni saa sita.

Sasa turudi kwenye mawe ya ziwani. Unywele unaponyonya maji huvimba na magamba yake huinuka. Ukiwa katika hali hiyo, miale na oksijeni hufanya uharibifu wao kwa wepesi zaidi kuliko unywele ukiwa mkavu. Juu ya hayo, maji ya Kivu yana magadi mengi kwa sababu ya miamba ya volkeno inayolizunguka ziwa: pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi, kwenye maji ya juu ni karibu 9. Unywele hupenda uchachu kidogo, pH kama 4 hadi 5 na nusu, na ukiupeleka upande wa magadi magamba yanazidi kufunguka. Ongeza sabuni ya mche, ambayo nayo ina pH ya 9 au 10. Msichana aliyejiosha kwa sabuni hiyo ndani ya ziwa, akaketi juani saa tano, amefungua milango yote ya unywele wake kisha akamkaribisha mgeni.

Simwambii mtu aliache ziwa. Ogelea, furahi, osha nguo. Ila kichwa kioshe kwa maji ya mvua au ya bomba ukiweza, na kama umeshakilowesha ziwani, kisuuze kwa maji hayo ukifika nyumbani. Kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji, kikimiminwa mwisho kabisa, husaidia magamba kulala, linda macho. Kisha zikamue kwa fulana kuukuu ya pamba pasipo kuzisugua, zikauke ndani ya nyumba au chini ya mwavoka uani. Zitachelewa, ndiyo. Osheni jioni basi, au siku ambayo hamna safari.

Kinga bora ninayoijua haitoki kwenye duka la dawa. Ni kikwembe. Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubanana, chenye rangi nzito, huzuia miale kuliko mafuta yoyote. Kabla ya kununua kiinue kuelekea mwanga: kama unaona vitundu vya mwanga vingi, hata jua litaviona. Kitambaa cheupe chembamba hupitisha mengi, na cha pamba kikilowa hupitisha zaidi, kwa hiyo mvua ikikunyeshea kisha jua likatoka, kibadilishe. Pamba peke yake huzisugua nywele na kuzinyonya mafuta, hivyo weka fulari ya satini au hariri ndani, kikwembe juu. Na hapa naomba msikilize vizuri, maana kosa hili naliona kila siku barabarani: mtu amejifunga kilemba kizuri, utosi umefunikwa, halafu mkia wote wa nywele unaning'inia nje mgongoni. Mizizi, iliyo michanga na yenye nguvu, imekingwa. Ncha, zile za miaka minne, zimeachwa juani. Pandisha mkia juu, uzungushe, uingize ndani ya kilemba.

Msuko unasaidia kwa sababu hiyo hiyo. Nywele zilizofumuliwa zote huonana na jua; zilizosukwa au kusokotwa mbili mbili hufichana, ncha zikiwa zimekunjwa ndani. Mistari ya ngozi inayobaki wazi kati ya misuko huungua, kwa hiyo bado unahitaji kilemba au kofia yenye ukingo mpana. Msisuke kwa kukaza sana. Nimeona wasichana wa miaka ishirini waliookoa ncha zao wakapoteza nywele zote za pembeni mwa paji la uso.

Kuhusu mafuta, kuna imani kubwa kuliko uwezo wake. Mafuta hayazuii jua vya kutosha, yawe ya mise, ya nyonyo au siagi ya karite. Kazi yake ni kulainisha magamba na kupunguza msuguano, na hiyo ni kazi ya maana. Mafuta ya nazi yana sifa ya pekee: huingia ndani ya unywele, na ukiyapaka kabla ya kuosha hupunguza protini inayopotea kwenye maji. Paka kidogo nchani usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Zipo pia chupa za kupuliza zenye vichujio vya miale. Nyingine zinasaidia, lakini maji huziondoa, na kwa bei yake nawashauri wengi wenu mnunue kikwembe cha pili.

Ndimu acheni kabisa. Wapo wanaoipaka kichwani kwa ajili ya mba kisha wanatoka nje. Asidi yake ikikutana na jua huzidisha kupauka, na maji ya ndimu juu ya ngozi iliyo juani yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi ya muda mrefu. Maji ya oksijene ya kusafishia vidonda nayo yasikaribie nywele.

Hapa naomba akina mama wenye watoto wadogo wasome pole pole. Nimesema jua hupausha ncha na nywele za juu, na kwamba za chini hubaki nyeusi. Mtoto ambaye nywele zake zinatoka nyekundu au za kijivujivu tangu shinani, ambazo zimekuwa nyembamba, zimenyooka zisivyo kawaida na zinang'oka kwa kuvutwa kidogo, msimtafutie kofia. Tazameni miguu yake. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba ukihesabu hadi tatu. Shimo likibaki miguuni yote miwili, mtoto amevimba. Ukiongeza uso uliojaa maji, kukosa hamu ya kula na kununa kusikoisha, hiyo ni bwaki (kwashiorkor), ule utapiamlo ambao daktari Cicely Williams aliuelezea kule Ghana mwaka 1933 na ambao Kivu yetu inaujua kwa uchungu. Ni dharura. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nywele hubadilika huko kwa sababu mzizi umekosa protini, na akitibiwa sehemu mpya hutoka na weusi wake, hata unaweza kuona pete za rangi kwenye unywele mmoja, nyeusi na nyekundu, kulingana na miezi ya njaa na miezi ya shibe.

Ndugu zetu wenye ualbino nao wana hesabu yao. Nywele zao zina melanini kidogo sana au hazina, hivyo keratini haina mwavuli tangu mwanzo, na ngozi ya kichwani iko hatarini kupata saratani. Kwao kofia yenye ukingo wa sentimeta 8 au zaidi ni tiba, na walimu wasiwavue darasani wala uwanjani kwa sababu ya sare.

Zilizokwisha kupauka hazirudi. Rangi ya dukani huficha tu, na baadhi ya rangi nyeusi huleta mzio mkali. Jaribu nyuma ya sikio saa 48 kabla, na ukiwashwa usitumie. Ninachopendelea ni mkasi wenye subira: sentimeta 2 kila miezi mitatu, huku zinazoota zikitunzwa. Kwa mwaka nywele huongezeka sentimeta 10 hivi, unakata 8, na urefu unabaki karibu ule ule ilhali ncha za kutu zinaondoka. Yule mama wa Kadutu hakutaka kusikia habari ya mkasi siku ile. Alirudi baada ya msimu wa mvua, kilemba chake kimefungwa hadi nchani, akasema sasa yuko tayari, nikate vidole viwili na nisizidishe.