Randall Flagg Ni Mchawi, Si Ibilisi

Mwezi uliopita kijana mmoja alinirudishia The Stand, riwaya ya Mmarekani Stephen King, juu ya meza ya maktaba, nakala ile nene ya toleo la mwaka 1990 ambayo uti wake nimeushona kwa uzi na kuubandika kitambaa mara mbili. Akaniamkia, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefumbua fumbo: "Mama, nimemaliza. Kumbe huyu Flagg ni Ibilisi mwenyewe, kabadilishiwa jina tu." Nilimwomba avute kiti, na watu wawili waliokuwa nyuma yake wakangoja karibu nusu saa, jambo ambalo nililiombea radhi.

Kauli hiyo juu ya Flagg, mhusika mwovu anayerudi katika riwaya kadhaa, naipokea pamoja na karibu kila riwaya ya Stephen King inayorudi mezani kwangu. Huitoa wanafunzi, huitoa walimu wao, na wapo waliousoma mfululizo wake mzima wa The Dark Tower, kuhusu safari ya mpiga bastola Roland Deschain kuelekea Mnara, ambao bado wanaishikilia. Nimeamua kuijibu kwa maandishi, pamoja na nyingine ndogo zinazofuatana nayo. Asiyependa kujua miisho ya vitabu kabla ya kuvisoma aanze na vitabu.

Lugha yetu imekwisha kutupa vyombo vya kumpambanua mhusika huyu, na ndiyo maana nasikitika tunapoviacha. Mswahili hachanganyi jini na mchawi. Jini ni kiumbe wa jinsi yake, na Ibilisi ni adui wa tangu mwanzo wa uumbaji, anayejua vyema alikotoka na alichokikataa. Mchawi ni mtu. Ana mama aliyemzaa na jina aliloitwa utotoni, ulozi wake alijifunza, na hata kama usiku alikwenda kuwanga, asubuhi utamkuta sokoni akichagua nyanya kama wenzake. Mchawi huogopwa sana, lakini mchawi hunaswa, huzeeka, hukosea, na huogopa. Msomaji akiyashika hayo ndipo atakapoona jinsi King alivyomjenga Flagg.

Tuanze na The Stand yenyewe, hadithi ya watu wachache walionusurika homa iliyoua karibu kila mtu, wakagawanyika kati ya Boulder, kwa Mama Abagail, na Las Vegas, kwa Flagg. Mama Abagail, bibi wa Nebraska mwenye umri wa miaka 108 ambaye ndiye mpinzani wake mkuu, anawaambia waliomfuata kwamba mtu huyu si Shetani, ingawa yeye na Shetani wanafahamiana na wamekwisha kushauriana tangu zamani. Msomaji anayesema Flagg ni Ibilisi anambishia mhusika anayemjua Flagg kuliko mtu yeyote mwingine katika kitabu hicho. Mara ya kwanza tunapomwona, anatembea barabarani usiku akiwa amevaa jinzi, koti la jinzi na buti za wachunga ng'ombe, kifuani ana beji ya uso wa manjano unaotabasamu, na mifuko yake imejaa vipeperushi vya kila upande wa siasa za Marekani, vinavyopingana vyenyewe kwa vyenyewe. Anakumbuka vurugu nyingi alizoshiriki, lakini akijaribu kurudi nyuma zaidi hakuti kitu: hakumbuki wazazi, hakumbuki utoto, hajui alianzia wapi. Tom Cullen, mmoja wa wafuasi wa Mama Abagail, anapozungumza akiwa katika usingizi wa kupumbazwa, analisema hilo waziwazi, kwamba mtu huyo hajijui, na anaongeza kwamba anawaogopa. Kiumbe asiyejijua na anayewaogopa wanadamu hawezi kuwa Ibilisi wa dini yoyote ninayoifahamu.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika The Eyes of the Dragon, riwaya iliyotolewa kwa nakala chache mwaka 1984 na kwa umma mwaka 1987, na ambayo wasomaji wengi huipita kwa sababu wameambiwa ni hadithi ya watoto. Hapo Flagg ni mshauri wa Mfalme Roland wa Delain. Anamuua mfalme kwa sumu iitwayo mchanga wa joka, ambayo yeye mwenyewe huishika kwa hofu na uangalifu mkubwa kwa kuwa inaweza kumuua pia, kisha anamsingizia Peter, mwana mkubwa wa mfalme, ili mdogo mtu, Thomas, akalie kiti na kuongozwa kama mbuzi wa kamba. Hawezi kujifanya asionekane kabisa. Anachoweza ni kufifia, yaani kutembea kando ya ukuta kwa namna ambayo macho ya watu yanateleza juu yake, na hilo linamgharimu nguvu. Mwishoni kijana Thomas, aliyedharauliwa na kila mtu, anamchoma mshale wa jicho kwa upinde wa marehemu baba yake, naye anatoweka kutoka Delain akiwa amejeruhiwa. Sumu, fitina ya ikulu, kujificha kando ya ukuta na hofu ya kunaswa ni kazi za mchawi tangu mwanzo hadi mwisho wa kitabu.

Kisha, mwaka 2004, katika juzuu ya saba na ya mwisho ya The Dark Tower, mwandishi anatupa nasaba yake. Jina alilozaliwa nalo ni Walter Padick, mtoto wa Delain, babake akiwa mwenye kinu cha kusaga nafaka. Akiwa na miaka 13 alitoroka nyumbani, njiani akafanyiwa unyama na msafiri mwenzake, wala hakurudi kwa wazazi, bali aliendelea mbele kuutafuta uchawi. Marten Broadcloak aliyeiharibu nyumba ya Roland Deschain, Walter o'Dim aliyekimbizwa jangwani, Richard Fannin wa mji wa Lud na Randall Flagg wa Las Vegas ni majina ya mwana huyo mmoja wa msaga unga.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu anayemwita Ibilisi anawasamehe watu wote waliomtumikia. Ukimtazama Lloyd Henreid, mhalifu aliyefungiwa katika gereza la Phoenix huku kila mtu amekufa, amekonda kwa njaa na amekwisha kuanza kuzitazama maiti kama chakula, utaona jinsi Flagg anavyofanya kazi. Anamjia akitabasamu, anamwonyesha jiwe jeusi lenye doa jekundu linaloonekana mara kama jicho, mara kama ufunguo, anamfanya aombe, kisha anamfungulia mlango na kumpa cheo. Baadaye mjini Las Vegas, mtu mmoja anapopatikana na dawa za kulevya, anasulubiwa hadharani, na wanaoubeba msalaba ni mafundi na madereva wa kawaida ambao jioni watarudi kwenye kazi ya kuwasha taa za mji. Mafundi na madereva hao walichagua. King ametumia mamia ya kurasa kutuonyesha jinsi walivyochagua, na msomaji anayesema "ni Ibilisi tu" amezipita kurasa hizo bila kuziona.

Ndiyo maana pia uwezo wake unapungua kadiri hofu inavyopungua. Wapelelezi watatu wanatumwa kutoka Boulder, naye wa tatu, Tom Cullen, Flagg hawezi kumwona: kila akitafuta katika fikira zake anapata mwezi tu. Nadine Cross, aliyembeba mtoto wa Flagg tumboni, anamchokoza mpaka Flagg anamtupa kutoka juu ya jengo kwa hasira, na kwa mkono wake mwenyewe anampoteza mrithi wake. Profesa Glen Bateman, mzee mgonjwa aliyefungwa chumbani, anapomwona ana kwa ana anaangua kicheko, kisha anaomba radhi kwa kucheka, akieleza kwamba walikuwa wamemwogopa kupita kiasi. Flagg hajui la kufanya na kicheko hicho ila kumwamuru Lloyd apige risasi.

Wanaobisha hunitajia sura ya mwisho iliyoongezwa katika toleo la mwaka 1990, ambamo Flagg anazinduka ufukweni mbele ya watu wasiojua ustaarabu wowote na kujitambulisha kwa jina la Russell Faraday, wakidai kwamba asiyeuawa na bomu la nyuklia lililoiteketeza Las Vegas lazima awe Shetani. Wasome sura hiyo tena polepole. Anazinduka akiwa hajui yeye ni nani, na jina hilo analipata kwa kupapasa, kama mlevi anayetafuta mlango gizani. Aliokoka kwa kukimbia sekunde za mwisho, mavazi yake yakabaki bila mtu ndani.

Dhana nyingine nazijibu kwa ufupi, kwa kuwa zinahitaji kusahihishwa tu.

Flagg hakuleta homa ya Captain Trips. Virusi vile vilitengenezwa na jeshi la Marekani katika mradi wa siri, vikavuja kutoka kituo kimoja cha California, na askari Charles Campion akavichukua pamoja na mkewe na mtoto mpaka kituo cha mafuta cha Arnette, Texas. Zaidi ya asilimia 99 ya watu walikufa kwa kosa la serikali na ukaidi wa wakubwa wake, na mwandishi alikuwa na tukio la kweli kichwani: mwaka 1968 maelfu ya kondoo walikufa Utah karibu na uwanja wa jeshi wa kujaribia silaha za sumu. Flagg alikuja kuvuna shamba ambalo wengine walikuwa wamelichoma.

Flagg si Pennywise, wala si Leland Gaunt. Pennywise wa riwaya ya It ya mwaka 1986 ni kiumbe kutoka nje ya ulimwengu anayekula watoto wa mji mmoja, Derry, na hana haja ya wafuasi wala dola. Gaunt wa Needful Things ni mfanyabiashara anayetafuta roho za watu mmoja mmoja. Kutabasamu kwao wote watatu hakuwafanyi kuwa mtu mmoja. Vilevile Flagg si Mfalme Mwekundu, adui mkuu wa The Dark Tower: anamtumikia mfalme huyo huku akipanga kumzunguka, apande Mnara peke yake na kuwa mungu wa kilichomo juu.

Si kweli kwamba kila mhusika ambaye majina yake yanaanza na herufi R na F ni yeye. Wapo walioanza kuorodhesha mpaka wahusika wa pembeni, ilhali majina yake mawili makubwa, Marten Broadcloak na Walter o'Dim, hayaanzi na herufi hizo, na Jaji Farris wa The Stand ni mzee mwema aliyekufa akimpeleleza Flagg. Ninachowashauri wasomaji wangu ni kutafuta ufundi wa kufifia. Raymond Fiegler wa Hearts in Atlantis namkubali bila wasiwasi, kwa sababu alimfundisha Carol Gerber kufifia vilevile kama Flagg alivyofifia katika korido za Delain. Richard Farris wa Gwendy's Button Box ya mwaka 2017 anamtendea Gwendy, binti wa kitabu hicho, kwa upole ambao sijauona kwa Flagg popote, nami simkubali kwa herufi peke yake.

Flagg hakuanzia katika The Stand ya mwaka 1978. King alikwisha kumwandikia shairi, The Dark Man, lililochapishwa mwaka 1969 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Maine, na ndani yake yumo tayari yule mtembea njia wa usiku.

Kwa anayeanza, natoa ushauri ninaowapa wote wanaofika mezani kwangu: aanze na The Eyes of the Dragon, akutane na Flagg akiwa na uwanja mdogo, ndani ya ikulu moja, na sumu mkononi. Akifika kwenye The Gunslinger, juzuu ya kwanza ya The Dark Tower, atazame ukurasa wa haki za uchapishaji, kwa maana katika toleo la mwaka 1982 Walter na Marten ni watu wawili, na mwishoni Roland Deschain anaamini ameikuta mifupa ya Walter kando ya moto, wakati toleo lililosahihishwa mwaka 2003 limerekebishwa ili lipatane na juzuu za baadaye. Magomvi mengi ninayoyaamua kati ya wasomaji yangekwisha kwa kutazama ukurasa huo.

Na hatimaye, Roland Deschain hakumuua Flagg. Hilo limetoka katika filamu ya mwaka 2017, ambamo Idris Elba anampiga risasi Matthew McConaughey. Vitabuni anauawa na Mordred, mtoto anayeweza kugeuka buibui, ambaye Walter alikusudia kuukata mguu wake autumie kama ufunguo wa Mnara. Alijitayarisha kwa kuvaa kofia aliyoitia madini ndani ili mtoto yule asimsome mawazo, lakini kofia haikuzuia chochote, akalazimishwa kujing'oa macho kwa mikono yake mwenyewe. Habari ya kinu cha babake, ya jina la Padick na ya kutoroka akiwa na miaka 13 imewekwa katika kurasa hizo hizo, muda mfupi kabla hajafa, na kijana wangu bado ana juzuu sita za kusoma kabla ya kuzifikia.