Karatasi Ina Uelekeo Wake: Maua na Masanduku ya Zawadi Kando ya Ziwa

Wanaonijia kujifunza kutengeneza maua ya karatasi huuliza, karibu wote, wanunue karatasi gani na gundi gani. Ni maswali ya haki, lakini liko jambo linaloyatangulia yote mawili, nalo ni namna nyuzi za karatasi zilivyolala. Karatasi ya kiwandani hutokana na nyuzi za miti zilizochanganywa na maji mengi, zikamwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, na mwendo huo huzifanya nyingi zielekee upande mmoja. (Mafunjo ya Wamisri wa kale, ambao walitumia mmea uleule unaoota kwenye kingo za ziwa letu la Victoria, hayakuwa hivyo, kwani tabaka moja lililazwa likikingamana na jingine.) Kwa hiyo karatasi yetu ya dukani hukunjika kwa wepesi mkunjo unapofuata nyuzi, hugoma au kupasuka mkunjo unapozikata, na ikinyonya unyevu hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kwa sisi tunaofanya kazi Mwanza, ambako wakati wa masika karatasi iliyoachwa mezani jioni hukutwa imelegea asubuhi, tabia hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama ua litadumu au litainama kabla ya sherehe.

Kuutambua uelekeo ni kazi ndogo. Kata vipande viwili vyembamba vyenye ukubwa sawa kutoka karatasi ileile, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana, kisha vishike pamoja kwa ncha moja vikiwa vimelala sambamba na meza. Kile kinachobaki kimenyooka zaidi ndicho ambacho nyuzi zake zinakwenda kwa urefu wake. Karatasi ya A4 ya kudurufia, ile ya gramu 80, kwa kawaida nyuzi zake hufuata upande mrefu wa milimita 297, lakini manila kubwa hazitabiriki, na mimi sikati hata petali moja ya manila kabla ya kuipima.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu aliyezoea krepu, ile karatasi laini yenye mikunjo midogo inayovutika, amejifunza kwamba mikunjo midogo ya krepu lazima isimame kutoka kitako cha petali kwenda ncha yake, kwa kuwa krepu huvutika kwa kukata mikunjo hiyo, na ukiibonyeza katikati kwa vidole gumba viwili huku ukiivuta nje, petali hujifinyanga kama kijiko. Akihamia manila anaendelea na kanuni ileile, kisha anashangaa kwa nini ncha za waridi lake hazitaki kujikunja nyuma. Manila haivutiki, hukunjwa tu, hivyo kinachopaswa kutazamwa ni umbo la mkunjo unaotakiwa. Petali ya waridi, ambayo ncha yake huviringishwa nyuma kwenye penseli, inataka nyuzi zipite kwa upana wa petali, sambamba na penseli. Petali ya yungiyungi la ziwani, iliyochongoka na kujipinda kwa urefu kama mtumbwi, inataka nyuzi ziende kutoka kitakoni hadi nchani. Ua moja linaweza kuhitaji karatasi moja ikatwe kwa njia mbili tofauti, na hapo ndipo vielelezo vya kuchapisha kutoka intaneti vinapokwama, maana petali hupangwa humo kwa kubana nafasi bila kujali nyuzi.

Ushauri wangu wa pili ni kuacha waridi kwanza. Kila mtu anatengeneza waridi, na wengi wanaiga waridi la mtu mwingine ambaye naye aliiga picha. Mary Delany, Mwingereza wa karne ya 18 aliyeanza kukata maua ya karatasi akiwa na umri wa miaka 72 na kuacha kazi zaidi ya 900 ambazo leo ziko British Museum, London, alifanya kazi na mmea wenyewe mbele yake. Kazi zake ni bapa, si za kusimama, lakini utaratibu wake ndio ninaoufundisha: okota ua, lifumue, panga sehemu zake mezani, hesabu.

Chukua mkrismasi, mti ambao kuanzia Novemba huwaka mwekundu katika mitaa mingi ya mji wetu. Kwa mbali ni wekundu mtupu. Ukilifumua ua moja utakuta sepali tano nene, yaani vijani vinavyolifunika ua kabla halijafunguka, kijani kwa nje na nyekundu kwa ndani, petali nne nyekundu zenye mguu mwembamba na kichwa kipana chenye kingo zilizokunjamana, na petali ya tano iliyosimama wima, ambayo ina weupe na umanjano wenye madoa mekundu. Katikati zipo stameni kumi, vile vijiti vyembamba vyenye chavua nchani. Ni ile petali ya tano inayomfanya mtu asimame na kusema, "Huu si mkrismasi huu?" na ndiyo ambayo wavivu huiruka.

Petali nne nazikata katika krepu nyekundu, kisha natumia kucha kuvuta ukingo kidogo kidogo mpaka ukunjamane. Petali ya tano naikata katika krepu nyeupe, naipaka umanjano, na madoa nayatia kwa brashi nyembamba iliyochovywa katika maji ambamo kipande cha krepu nyekundu kimelowekwa, kwa sababu rangi ya krepu hutoka majini upesi na huo wekundu hulingana kabisa na petali nyingine. Sepali ni krepu ya kijani na nyekundu zilizogandishwa pamoja. Stameni nazisokota kwa vipande vyembamba vya krepu, kwa vidole vikavu, na ncha zake nazichovya katika gundi kisha katika vumbi laini la mbao kutoka kwa fundi seremala. Wapo wanaotumia chenga za mahindi. Zinapendeza, lakini huita wadudu.

Kikonyo ni waya wa kufungia nondo kutoka duka la vifaa vya ujenzi, uliozungushiwa utepe wa krepu ya kijani mpaka chuma kisionekane, la sivyo hushika kutu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa kazi nyingi, ikipakwa kwa kijiti na kwa uchache. Ya kuyeyushwa kwa umeme naiweka kwa ajili ya kuunga ua na kikonyo tu.

Masanduku ya zawadi za send-off na mahafali yanatii sheria ileile. Kabla ya kukunja, pitisha peni iliyokwisha wino kwenye mstari ukiegemeza rula, hasa pale mkunjo unapokata nyuzi. Unapogandisha karatasi ya mapambo juu ya boksi gumu, hakikisha nyuzi za vyote viwili zinaelekea upande mmoja, kisha libandikie boksi karatasi kwa ndani pia, kwa sababu gundi ya upande mmoja ikikauka huvuta na mfuniko hubenuka. Mfuniko wenyewe uzidi sanduku kwa milimita mbili kila upande, maana zawadi inayovuka kwa meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, itanyonya unyevu njiani, na mfuniko uliobana mno ukitanuka mpokeaji atalazimika kuupasua. Ua la ndani lisibandikwe sakafuni. Toboa tundu sakafuni, pitisha kikonyo, kikunje chini yake, kisha kifunike kwa kitako cha pili utakachokigandisha mwisho.