Utando wa kahawia kwenye tangi jipya si maji kuharibika

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hapa Mwanza huamini kuwa tangi jipya la maji chumvi likiota utando wa kahawia, maji yameharibika. Humwaga yote na kusugua mawe. Kwa kawaida utando huo ni daiatomu, mwani mdogo sana unaotumia silika, madini yaliyomo hata mchangani, ambayo maji ya bomba huweza kuwa nayo. Mara nyingi hupungua wenyewe baada ya wiki chache.

Kusugua ndiko kunakoniuma: bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, huishi juu ya mawe hayo, na hujijenga kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Nunua vipimo vya amonia na nitriti, andika usomaji kila juma. Amonia na nitriti zikibaki sifuri, tangi linakomaa. Badilisha asilimia 10 hadi 20 tu ya maji, na upunguze saa za taa.