Gemu ya mtandaoni kwa mtu mwenye nusu saa

Ukitaka kujua kama gemu ya kuigiza uhusika mtandaoni inamfaa mtu anayecheza akipata nafasi, usianze kwa kuuliza ina saa ngapi za kuchezwa. Gemu hizi hazina mwisho, kwa hiyo hesabu hiyo haikusaidii. Uliza mambo mawili: inakufanya nini ukiinuka ghafla, na inakufanya nini usipoonekana mwezi mzima. Picha nzuri, ukubwa wa ramani na wingi wa silaha ni mambo ya kufurahia baadaye. Mtu anayefunga duka Darajani, hapa Zanzibar, saa 2 usiku na alfajiri ameshaamka hawezi kuamua kwa hayo.

Chukua saa ya ukutani na upime kikao kidogo kabisa chenye faida. Hesabu inaanzia pale unapofungua gemu, siyo pale unapoanza kupigana. Ndani yake mna sasisho, kuingia kwenye akaunti, kusafiri hadi palipo na kazi, kusubiri kundi litimie, kazi yenyewe, na kurudi mahali salama pa kutokea. Tuchukue Final Fantasy XIV. Pango la watu wanne ndani yake, yaani kazi ya kundi dogo la kupita kwa maadui hadi mkubwa wao, huchukua dakika 20 hadi 30, na watu wengi huitaja hiyo tu. Lakini kabla yake kuna foleni, na foleni haimtendei kila mtu sawa: mkingaji na mganga huitwa upesi kwa sababu ni wachache, mshambuliaji akangoja. Ukiingia kisha ukatoka kabla ya kumaliza, unafungiwa dakika 30 usijiunge na pango jingine. Nusu saa yako imekwisha hapo.

Gemu hiyohiyo ina mlango wa pili, na wasiokuwa na muda wengi hawauoni: mapango ya hadithi kuu unaweza kuyapita na wahusika wanaoendeshwa na kompyuta. Hakuna foleni, hakuna wa kumuudhi, na ukiitwa unatoka bila adhabu. Mwendo ni wa polepole kidogo, basi. Tabu inabaki kwenye mapambano ya watu wanane, ambayo mengi bado yanataka binadamu, na kwenye maonyesho ya hadithi. Kabla ya baadhi yake gemu yenyewe hukuonya utenge muda wa kutosha. Onyo hilo likitokea saa 5 usiku, zima ukalale.

Guild Wars 2 imejengwa kwa fikra nyingine. Mambo mengi hutokea uwanjani, waziwazi: unakuta watu wanapigana na jitu, unaingia, unapata fungu lako, unaondoka. Huhitaji kumwomba mtu nafasi wala kunyang'anyana windo. Majitu makubwa ya dunia hufuata ratiba, kila dakika 15 moja linatokea mahali fulani, kwa hiyo mtu wa nusu saa anaweza kupanga mawili na akamaliza. Ukitoka katikati unapoteza tukio hilo moja tu.

Raidi, yaani pambano refu la kundi kubwa linalokutana kwa miadi, ni habari nyingine. Raidi ni boti ya Dar: saa yake ikifika inang'oa na waliopo. Na saa hiyo hupangwa na watu wa Ulaya, maana sisi huku kwa kawaida huchagua seva za huko, yaani kompyuta zinazoendesha gemu. Kundi linaloanza saa 2 usiku kwa saa za Ujerumani, kwetu ni saa 3 usiku wakati wa kiangazi chao. Wakirudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inakuwa saa 4. Raidi ya saa tatu basi inaishia saa 7 usiku. Ukiona gemu ambayo raha yake yote ya mwisho imo ndani ya raidi, na kila mchezaji wa zamani anakwambia "subiri, gemu inaanza ukifika levo ya juu", jua wewe utaishia ukumbini.

Kuna saa nyingine ya kuangalia: ile ambayo kazi za siku huanza upya. Guild Wars 2 huanza upya saa 9 usiku kwetu, na hilo halimgusi mtu. Final Fantasy XIV huanza upya saa 12 jioni, muda mfupi kabla ya magharibi. Hilo ni zuri kuliko linavyoonekana. Anayetoka kazini saa 10 anaweza kufanya kazi ya siku moja saa 11 na nusu, akaenda kusali, akirudi akafanya ya siku mpya, kisha asiguse gemu mpaka keshokutwa jioni bila kuwa nyuma sana. Genshin Impact kwenye seva ya Ulaya huanza upya saa 12 asubuhi, na hapo kuna kipimo kingine: nguvu ya kuchukulia tuzo huongezeka moja kila dakika 8, mpaka zifike 200. Piga hesabu: dakika 1,600, yaani saa 26 na dakika 40. Baada ya hapo kila saa usiyoingia ni hasara. Kikao chake ni kifupi, dakika 15 zinatosha, lakini kinakudai kila siku. Kikao kifupi peke yake hakimfanyi mchezaji wa nafasi apumue.

Kipimo cha Ramadhani

Hapa ndipo napenda kuibana gemu. Iache mwezi mzima, kuanzia mwandamo mpaka Idi, kisha uangalie umerudia nini.

World of Warcraft ina namna ya kumlipa asiyekuwepo. Mhusika ukimwacha ndani ya nyumba ya wageni au mjini, kila saa 8 anakusanya mapumziko ya asilimia 5 ya levo, hadi levo moja na nusu, na kwa muda huo maadui humpa uzoefu maradufu. Mapumziko hayo hujaa kwa siku 10. Ukimwacha porini hukusanya robo tu ya mwendo huo, kwa hiyo kabla ya kuzima mrudishe mjini. Ni dakika mbili tu. Lakini hiyo ni kwa anayepanda levo. Aliyefika juu hukuta msimu umesonga, vifaa vya wenzake vimepanda, na makundi hayamchukui. Anapata ahueni msimu mpya au toleo jipya linapotoka, kila mtu anapoanza tena karibu sawa. Ushauri wangu kwa mwenye nafasi ndogo ni kuingia mwanzo wa msimu na kutoka katikati bila kujilaumu.

Guild Wars 2 haina mbio hizo. Kikomo chake kimekuwa levo 80 tangu ilipotoka mwaka 2012, na vifaa vyake vya daraja la juu havijapitwa na nguvu hadi leo. Silaha uliyoitafuta miaka mitano nyuma bado inapiga. Kwa mtu anayepotea msimu wa karafuu Pemba akarudi baada ya miezi mitatu, sijui nyingine inayompokea vizuri zaidi.

EVE Online, gemu ya vyombo vya angani, huenda mbali zaidi: ujuzi wa rubani wako husomwa kwa saa za kawaida hata ukiwa umezima kompyuta. Unapanga foleni ya masomo, unaondoka. Lakini chombo kikilipuliwa kimekwenda. Na Final Fantasy XIV, ambayo haina ubaya kwa anayetoweka, ina kifungu kimoja kikali kwa aliyenunua nyumba: siku 45 bila mwenyewe kuingia ndani, inavunjwa. Ramadhani inapita salama. Mtu akienda Muscat miezi miwili kutazama jamaa, akirudi anakuta kiwanja.

Pasi za msimu zinastahili kutazamwa kwa jicho baya. Unalipia mwanzo, halafu unatakiwa ufanye kazi ili upewe ulichokilipia, na siku zikiisha kilichobaki kinapotea. Mwenye saa nyingi hupata bei nzuri. Mwenye nusu saa hulipa bei ileile akapata nusu ya mzigo.

Umeme, bando na umbali

Unguja na Pemba zinapata umeme mkubwa kwa waya za chini ya bahari kutoka Bara, na Unguja haijasahau giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi linalotusumbua zaidi ni mkatiko wa dakika chache au saa moja, na huo unatosha kuua kikao. Wengi hudhani laptopu ikiwa na chaji mambo yamekwisha. Ruta ndiyo inayozimika, na ukihamia bando la simu anwani yako ya mtandao inabadilika, seva inakutoa papo hapo. Ama uwe na UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya kuwekea ruta, ama siku ambayo umeme unasitasita uanze na bando la simu tangu mwanzo.

Ndiyo maana uliza gemu inafanya nini mtandao ukikatika katikati ya pambano. Old School RuneScape huacha vitu vyako kaburini kwa dakika 15 mhusika akifa, muda wa kuwasha upya na kuvikimbilia, ikiwa haukufa mbali sana. Albion Online kwenye maeneo ya buluu na ya manjano utaangushwa tu, lakini kwenye mekundu na meusi ukiuawa na mchezaji mwingine unapoteza kila ulichovaa. Gemu hiyo ipo kwenye simu tangu 2021 na inavutia, ila kuingia eneo jekundu ukiwa kwenye daladala ya Bububu, mnara mmoja unakuachia mwingine haujakushika, ni kugawa mali.

Umbali hauna dawa. Mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 10,000 hadi Ulaya inakula milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla ya vifaa vya njiani kuongeza zake. Atakayekuuzia programu ya kuleta pingi (muda wa kwenda na kurudi huo, kwa milisekunde) ya 30 kutoka Zanzibar hadi Ujerumani anakudanganya. La kutafuta ni gemu inayovumilia. RuneScape hiyo huhesabu kila kitu kwa mapigo ya sekunde 0.6, na milisekunde 180 zinamezwa humo. Final Fantasy XIV hupisha sekunde 2.5 baina ya mapigo makuu, inavumilika pia, ila ondoka mapema kwenye duara la rangi ya chungwa linaloonya pigo litakapotua: maumivu huamuliwa duara linapotoweka, siyo unapouona moto. Guild Wars 2 ni ngumu kidogo, kwani kukwepa hudumu robo tatu ya sekunde.

Pima usiku, baina ya saa 2 na saa 5, mtandao unapojaa. Asubuhi kila laini ni nzuri. Na usitazame wastani. Pingi ya 190 isiyotikisika huchezeka, ile ya 120 inayoruka hadi 600 haichezeki.

Kucheza kwenyewe hakuli bando sana, ni megabaiti makumi kwa saa. Mlaji ni kupakua na sasisho. Gemu kubwa za kompyuta huchukua makumi ya gigabaiti, na Genshin Impact kwenye simu hupita 20. Guild Wars 2 hukuruhusu kuanza kabla haijamaliza kupakua. RuneScape kwenye simu ni ndogo, lakini soma hesabu zake kabla ya kuota: levo 99 ya ujuzi mmoja ni pointi 13,034,431, na nusu yake iko levo 92. Kwa pointi 50,000 kwa saa ni saa 260. Kwa nusu saa kila siku, karibu mwaka na nusu. Anayeichukulia kama ushanga wa kushona polepole ataipenda. Anayetaka kumaliza, hapana.

Gemu za simu zinazojicheza zenyewe husifiwa kuwa ni za watu wasio na muda. Mimi sizipendekezi. Simu inabaki wazi usiku kucha, inachemka, betri inavimba, na pengo lililobaki linazibwa kwa duka la ndani ya gemu.

Kuhusu pesa, World of Warcraft ni bure hadi levo 20, kisha dola 14.99 kwa mwezi. Ukicheza jioni nane kwa mwezi, unalipa karibu dola mbili kwa jioni. Ndiyo hesabu ya kufanya, siyo bei ya mwezi. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa za simu, zima kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo, siku ulizolipia hazipotei. Guild Wars 2 haina ada ya mwezi, unanunua matoleo ya ziada ukitaka, na sehemu ya msingi ni bure hadi levo 80. Final Fantasy XIV ina jaribio lisilo na kikomo cha siku hadi levo 70, pamoja na matoleo mawili ya ziada. Ndani yake huwezi kumiliki zaidi ya gil 300,000 (gil ni pesa za gemu hiyo), huwezi kutumia soko, wala kuanzisha kundi mwenyewe, ingawa foleni ya mapango unaitumia kama kawaida. Kwa mtu wa nusu saa hiyo ni kazi ya mwaka na zaidi. Usikimbilie kununua eti kwa sababu kuna punguzo la bei: ukishainunua akaunti hairudi tena kuwa ya jaribio, na ada ya mwezi ikikatika unafungiwa hata zile levo ulizozipata bure.