Parole ilitungwa kwa mtu mwenye kwao, Dar wengi wetu ni wapangaji

Nikisema nafanya kazi na watu waliotoka jela kwa parole, yaani wanaomalizia kifungo nje kwa masharti, swali la kwanza huwa lile lile: "sasa mnawafuatiliaje?" Watu wanadhani kuna kidude anafungwa mguuni, au kuna askari anapanda naye daladala. Hakuna. Kuna barua ya kumtambulisha, kuna namba ya simu, na kuna mwenyekiti wa mtaa, basi. Na kwa Dar es Salaam hivyo vitu vitatu kila kimoja kina shida yake, ndo nataka nielezee leo maana naona huko mitandaoni watu wanachanganya madesa kati ya parole na njia nyingine za kutoka jela mapema.

Tutenganishe kwanza. Msamaha wa Rais ni ule wa ibara ya 45 ya Katiba, unaousikia sikukuu za kitaifa, mfano 9 Desemba 2017 wafungwa 8,157 waliguswa (wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha walitoka siku zile) na 2019 tena 5,533. Wapo waliopunguziwa tu adhabu, lakini aliyetoka kwa msamaha katoka, hana pa kwenda kuripoti. Halafu kuna ile theluthi moja anayopunguziwa mfungwa mwenye nidhamu, ndo maana unamwona mtu wa miaka sita yuko mtaani baada ya minne na watu wanasema kahonga, hajahonga, ni sheria. Kuna na kifungo cha nje, huduma kwa jamii, sheria ya 2002, kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu, hao ndo unawakuta wanafagia zahanati. Parole ni kitu kingine kabisa. Sheria yake ni ya 1994, inamhusu mfungwa wa miaka minne kwenda juu aliyeshatumikia theluthi moja, jina lake linapita bodi ya mkoa, bodi ya taifa, mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wa maisha na wa unyang'anyi wa kutumia silaha hawamo. Nadhani wengi neno parole walilisikia kwa mzee Augustine Mrema, yule mwanasiasa, Magufuli alipomteua 2016 kuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa, kabla ya hapo lilikuwa neno la magereza na wanasheria.

Kitu cha kushika hapa: mtu wa parole kifungo chake hakijaisha, anakimalizia nje. Akivunja masharti anarudi. Na sharti mama ni kwamba akae mahali panapojulikana na asihame bila ruhusa.

Sasa hapo ndo pa kukaa kidogo.

Hii sheria ukiisoma vizuri unaona kabisa aliyeitunga alikuwa anamfikiria mtu mwenye kwao. Yaani mtu anatoka gerezani anarudi kijijini, kuna nyumba ya baba, kuna shamba, mwenyekiti wa kijiji anamjua toka anazaliwa, mtendaji akiulizwa "fulani yupo?" anajibu bila hata kusimama. Huko parole inaenda vizuri tu, changamoto ni nyingine. Sasa mlete huyo mtu Mbagala au Manzese. Jiji lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, wapangaji kibao, watu wanahama chumba kila mwaka na wengine kila kodi inapoisha, mwenyekiti wa mtaa ana kaya kiasi kwamba hata asiyefungwa hamjui. Na tena baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 unakuta sehemu nyingine mwenyekiti aliyepokea barua ya kumtambulisha mtu wetu siyo aliyepo sasa, ukifika unaanza upya, mpya anakuangalia hivi, "kwani huyo anakaa kwangu?"

Halafu chumba chenyewe. Tuseme chumba cha elfu hamsini. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo laki tatu, dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla laki tatu na nusu, kabla hujanunua hata godoro. Mtu katoka gereza la Ukonga na nguo alizovaa. Kwahiyo anakaa kwa dada yake, na dada yake kaolewa, na shemeji mwezi wa kwanza anacheka, wa pili ananuna, wa tatu anauliza huyu anaondoka lini. Siku akiondoka anaenda kulala kwa mshkaji, na mara nyingi mshkaji mwenyewe ndo wale wale wa zamani. Kwenye karatasi huyo keshavunja sharti la makazi. Kwa uzoefu wangu, wanaotupotea wengi hawajatoroka wala hawajaiba, wamehamishwa na shemeji.

Namba ya simu nayo ni kichekesho cha peke yake. Aliyeingia ndani kabla ya 2020 aliacha dunia ambayo unanunua laini barabarani unaweka kwenye simu unaongea. Anatoka anakuta laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. NIDA wanataka cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine, na fomu igongwe muhuri mtaani unapokaa. Mtaani wanataka mwenye nyumba athibitishe kwamba unakaa pale. Unaona inavyozunguka? Hana chumba, hana barua, hana NIDA, hana laini, na bila laini hana mobile money, hata kibarua cha ujenzi akilipwa kwa simu analipwa kupitia kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine siku moja anakula. Afisa anayemfuatilia naye anapiga namba ya dada haipokelewi. Anatakiwa aende mwenyewe, nauli kutoka mfukoni, na ana watu wengine wa kuwaona Gongo la Mboto huko.

Kazi. Magerezani watu wanajifunza ufundi kweli, Ukonga seremala wanaotengeneza fenicha za maana wapo. Tatizo ni mtu kusema "ujuzi nimeupata wapi". VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa unapewa cheti, cheti hakisemi ulijifunzia wapi, na huwa nawasisitizia sana hiki kitu kuliko hata semina za ujasiriamali ambazo kusema ukweli zimezidi. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) ni ya vikundi, na kikundi gani cha Tandale kitamchukua mtu aliyekaa ndani miaka saba ajidhaminie nao deni? Wanabaki na umachinga, na toka lile zoezi la 2021 la kuwaondoa barabarani hata kupanga bidhaa chini si kama zamani.

Na kuna polisi. Naomba nieleweke, siwasemi vibaya, wana kazi yao. Lakini kanuni ya adhabu, vifungu vya 176 na 177, vile vya uzururaji, bado vinaruhusu kumkamata mtu anayejulikana kama mwizi asiye na kazi inayoonekana na asiyeweza kujieleza. Sasa wa parole ni nani kama siyo huyo? Msako ukipita usiku, sura yake ipo kichwani mwa kila mtu pale kituoni. Anakaa lokapu wikiendi nzima, Jumatatu anaachiwa bila kesi, ila siku ya kuripoti imempita na kibarua kimeshapata mtu mwingine. Kinachosaidia ni kitu kidogo sana: afisa akimpeleka mwenyewe kituoni wiki ya kwanza, akamtambulisha kwa mkuu wa kituo, barua ikabaki pale. Inachukua nusu saa. Haifanyiki mara nyingi kwa sababu ile ile ya nauli.

Wale wa unga, yaani waraibu wa heroini, ni mada yake nzima siku nyingine. Kwa kifupi tu, methadone, dawa ya kuwatibu hao, ilianza Muhimbili 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na mgonjwa anatakiwa akanywe dozi pale pale kliniki, mwanzoni kila siku. Kwahiyo asubuhi kliniki, na saidia fundi anatakiwa saiti saa moja. Chagua. Tumeshawahi kukaa na mafundi tukawaomba mtu aingie saa nne akatwe kidogo, wengine wanakubali. Bodi haiwezi kuandika sharti la namna hiyo, lazima mtu aende saiti akaongee.

Kuhusu majirani, hasa waliotendewa kosa, sipendi jinsi tunavyowapita. Kabla mtu hajatoka maoni ya jamii yanachukuliwa, sawa, lakini mama aliyeibiwa cherehani yake ndo ataona aliyemwibia kakaa kibarazani Jumapili bila mtu kumwambia ametokaje. Ana haki ya kupaniki. Nikifika mtaani huwa naanza kwake kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, na wakati mwingine ananifukuza, narudi wiki nyingine.

Kama wewe una ndugu jina lake linakwenda bodi, usisubiri siku ya geti. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa sasa hivi, na kama hakuna anza mchakato RITA, wanaotoa vyeti hivyo, maana yeye akiwa ndani hawezi. Ongea na mwenye nyumba waziwazi, si umfiche halafu aje aambiwe na jirani. Kubalianeni kwenye familia nani anamkaribisha na kwa muda gani, shemeji awepo kwenye hicho kikao. Akitoka, mpeleke NIDA wiki hiyo hiyo, na hela ya kwanza ya michango msimnunulie simu kali, lipeni kodi ya chumba.