Nguruwe pori shambani: kabla hujauliza kaliba, uliza risasi itaishia wapi

Mahindi yanapoanza kubeba, malalamiko ya nguruwe pori huongezeka, na msimu huu yamezidi. Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, kote hapa mkoani Tabora maneno ni yale yale: wameingia usiku, wamelaza mahindi, wamefukua karanga na viazi. Wanaofika ofisini kwetu, hasa wenye mashamba makubwa na ranchi, siku hizi hawaulizi namna ya kuwazuia. Wanauliza wanunue bunduki gani na ya kaliba ipi, yaani ukubwa wa tundu la mtutu na risasi yake. Swali ni la haki na nitalijibu, kwa sababu wasipolijibu wataalamu, atalijibu jirani mwenye gobore.

Lakini liko jambo linalosahaulika kila mwaka. Leseni ya kumiliki silaha si ruhusa ya kuua mnyama. Silaha huombwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kwenye kamati za usalama za kata, wilaya na mkoa, na msimamizi ni Jeshi la Polisi. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kibali chake hakitolewi polisi. Hizo ni karatasi mbili. Mwananchi anayekuja na moja na kushikilia kwamba inatosha kwa yote anajiweka pabaya, hata kama shamba ni lake na hati anayo. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali yake. Jukumu la kuthibitisha hilo ni lake mwenyewe, na taarifa lazima itolewe. Kumfuata nguruwe kilomita kadhaa ndani ya hifadhi ya msitu si kuokoa mahindi.

Sasa bunduki. Nguruwe pori aliyekomaa ana kilo 50 hadi zaidi ya 100, na dume ana ngozi ngumu yenye gegedu mabegani. Risasi ya .22, ambayo wengi huipenda kwa bei na utulivu wake, ina kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha gramu 2.6 hivi. Inafaa kwa kanga na sungura. Kwa nguruwe inamjeruhi tu, naye anakwenda kufia kichakani baada ya siku, au anakusubiri huko na meno yake. Sipendekezi pia .223. Mpigaji hodari anaweza kuua nayo, lakini shambani, jua likizama, mnyama amesimama nusu ndani ya mahindi, uhodari huo haupatikani kila siku.

Kwa maoni yangu kaliba zinazofaa zinaanzia .243 yenye kichwa cha gramu 6.5, na zinazotosha kabisa ni .308 Winchester na .30-06. Kwenye boksi uzito wa kichwa huandikwa kwa kipimo cha kizungu kiitwacho grain: 150 ni karibu gramu 9.7, 180 ni karibu gramu 11.7. Vyote viwili vinatosha. La kuangalia zaidi ni aina ya kichwa. Chukua risasi ya ncha laini, inayofunguka ikiingia mwilini na kuishia humo. Ile iliyofunikwa shaba mwili mzima, ya mtindo wa kijeshi, inapenya na kutoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu ya kuua mtu. Wapo wanaotaka .375 kwa sababu waliiona kwa wawindaji wa kitalii. Ile ni kaliba ya nyati na simba. Inapiga bega kwa nguvu, mpigaji anaanza kuiogopa, anafumba macho kabla ya kufyatua, na nguruwe anaondoka mzima.

Shotigani ya geji 12 ina nafasi yake kwenye shamba dogo. Kwa marisau makubwa, yaani vijigololi vinavyotawanyika, usizidi mita 30. Kwa risasi ya kipande kimoja, mita 70 ni mbali vya kutosha. Marisau ya ndege usiyafikirie kabisa. Na raifo iwe ya kukoki kwa mkono, kwa maana sheria hairuhusu kuwinda kwa silaha ya kufyatua mfululizo. Ukishaipata, ilinganishe shabaha kwa mita 50 juu ya karatasi, ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, kwa risasi zile zile utakazotumia. Bunduki ambayo haijalinganishwa haina kaliba ya kuzungumzia.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji watulie, maana ndiyo sababu ya makala hii. Tabora ni tambarare. Hatuna vilima vya kupokea risasi nyuma ya shamba. Risasi ya .308 ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na hata ile ndogo ya .22 huvuka kilomita moja. Ndani ya umbali huo, kwenye miombo inayoonekana tupu, kuna mrina asali chini ya mzinga, kuna mfugaji amelala na ng'ombe, kuna kaya iliyohamia mwaka jana na ambayo huijui. Kwa hiyo usipige kamwe mnyama aliyesimama mstari mmoja na upeo wa macho. Panda dunguni. Dungu la nguzo nne, lenye urefu wa mita 3 hivi, ambalo wazee wetu walilijenga kwa ajili ya kulinda mazao, linafanya risasi ielekee chini na kuzama udongoni hatua chache nyuma ya mnyama. Kwangu mimi dungu imara lenye .243 ni bora kuliko .30-06 iliyopigwa ukiwa umesimama ardhini. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, chini, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka tumboni. Moyo wa nguruwe umekaa chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu usiku: najua nguruwe pori huja usiku. Sheria inakataza kuwinda gizani, kuwinda kwa taa, kwa mbwa, kwa sumu, kwa mashimo na kwa nyaya. Mbwa wa kulinda shamba anaruhusiwa. Mbwa wa kufukuzia nguruwe porini ni kosa. Kazi ya usiku waachieni askari wanyamapori. Ninyi mna jioni na alfajiri.

Gobore sasa. Nimechoka kusikia kwamba ni la marehemu babu. Silaha hairithiwi kama jembe. Mwenye leseni akifariki, silaha inapelekwa polisi na mrithi anaomba upya kwa jina lake. Gobore linalopakiwa vipande vya nondo hulipuka usoni kwa mpigaji, tunayaona majeraha hayo. Kukutwa na silaha isiyo na leseni kunaweza kuunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo inataja kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kuazimisha bunduki yenye leseni kwa shemeji nako ni kosa, hata iwe kwa usiku mmoja. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na nchi yetu imeshatangaza vipindi vya namna hiyo. Vikitangazwa, vitumieni.

Mnyama akishaanguka, nyama si yako mpaka uwe na karatasi inayosema hivyo. Ni nyara ya serikali, na mahakama zimeshafunga watu miaka 20 kwa nyara. Mzoga usiguswe kabla ya taarifa. Tena nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua, na ugonjwa huo hauna tiba. Matumbo yakitupwa karibu na banda, nguruwe wote wa kijiji wanaweza kwisha.

Taarifa ya uharibifu ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ikiwa na jina la kitongoji, saa walipoingia, ukubwa wa eneo lililoharibiwa na picha ya nyayo. Weka kiberiti kando ya unyayo kabla ya kupiga picha, ili tuone ukubwa wake. Ngiri hula mchana na kulala shimoni usiku, nguruwe pori ni kinyume chake, na askari tunayemtuma anahitaji kujua anakuja saa ngapi.